Kabla ya ovaroli: wazee wetu walijikinga vipi na nyuki?

Tangu msimu wa kurina uanze nimeulizwa swali lilelile na watu tofauti, Soni, Mlalo, hata juzi nikiwa stendi ya Lushoto: "Bwana afisa, hivi ovaroli ya nyuki ni lazima? Babu yangu alirina asali maisha yake yote akiwa kifua wazi, na amekufa kwa uzee."

Zamani nilikuwa nalijibu swali hili kwa haraka. Nasema ndiyo, ni lazima, kisha naendelea na semina. Siku hizi silijibu hivyo. Babu yako kweli hakuwa na ovaroli, lakini usidhani alikwenda kwa nyuki bila kinga. Kinga alikuwa nayo, ila haikuwa ya kuvaa. Sisi tumeiacha kinga yake bila kujua kwamba tumeiacha, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Mzinga wa juu ya mti

Fikiria alivyofanya kazi. Mzinga wake ulikuwa gogo lililochongwa likawa wazi katikati, au gome la mti lililoviringishwa, na ulitundikwa juu ya mti mrefu mbali na nyumba, ndani ya msitu au pembeni yake. Hakuufungua kila baada ya wiki mbili kuukagua kama tunavyofundishana sasa. Aliutundika, akasubiri nyuki waingie wenyewe, akarudi msimu wa asali. Alikwenda usiku, giza likiwa limeshika, na mkononi ana mwenge wa majani makavu unaotoa moshi mwingi. Hapo akapanda.

Kila jambo hapo lilikuwa na sababu yake. Gizani nyuki hawaruki vizuri, wanatambaa tu, kwa hiyo hawamfuati mtu mbali. Moshi unawafanya wajaze asali tumboni kama wanaojiandaa kuhama, na unafunika harufu ambayo nyuki mmoja huitoa kuwaita wenzake vitani. Umbali nao ulikuwa na kazi: nyuki wakichafuka usiku wa manane katikati ya msitu, hakuna mtoto anayepita pale akitoka shule, wala mbuzi aliyefungwa kamba.

Na kuvua shati je? Mzee mmoja upande wa Mlalo alinieleza hivi: "Mwanangu, nyuki akitembea kwenye ngozi anapita. Akiingia ndani ya nguo amefungwa, na aliyefungwa hupigana." Nimehudhuria mafunzo mengi ya nyuki, na sijasikia mtu akieleza ubaya wa nguo isiyofungika vizuri kwa maneno machache kama hayo.

Sikusimulii haya ili urudi huko. Mwenge ulichoma nyuki na masega ya watoto wao, na moto wa warina asali umeunguza misitu mingi nchini. Tena mtu akiumwa akiwa juu ya mti mrefu, anachia mikono. Walioanguka hawakuandikwa popote. Wanaosimuliwa ni wale waliozeeka.

Vazi lilikuja na mzinga unaofunguka

Wengi wanadhani wazungu walivaa nguo za nyuki tangu zamani kwa sababu wao ni waoga. Sivyo. Huko Misri, kwenye hekalu la mfalme Nyuserre lenye umri wa miaka zaidi ya 4,000, imechongwa picha ya watu wakirina asali. Mmoja amepiga magoti mbele ya mizinga, na wachunguzi wengi wanasema anatumia moshi. Hakuna vazi la nyuki pale.

Ulaya, mnamo mwaka 1568, mchoraji Pieter Bruegel alichora wafugaji nyuki waliovaa majoho mazito yenye kofia, na usoni wameweka kitu kama ungo kilichosukwa kwa fito nyembamba. Ukiiona picha hiyo utadhani ni vinyago vya ngoma. Lakini hata wao hawakuufungua mzinga mara kwa mara. Mizinga yao ilikuwa vikapu vya nyasi, na kwa miaka mingi njia ya kawaida ya kupata asali ilikuwa kuwaua nyuki wote kwa moshi wa kiberiti, kisha kukata masega. Nyuki aliyekufa hakuhitaji kuvaliwa nguo.

Mambo yalibadilika katikati ya karne ya 19. Mwaka 1852 Mmarekani Lorenzo Langstroth alipata hati ya mzinga wenye viunzi vinavyotoka na kurudi bila kuvunja masega. Sasa mtu aliweza kufungua mzinga mchana kweupe, akamtafuta malkia, akatoa asali na kuwaacha nyuki hai. Tena aliweza kufanya hivyo mara nyingi kwa mwaka. Ndipo kinga ya mwilini ikawa jambo la kila siku. Viwanda vya nguo vya wakati huo vilikuwa vimeshaanza kutoa wavu mwepesi kwa bei nafuu, na wavu huo ukashonwa kwenye kofia. Katika miaka ya 1870, Moses Quinby wa jimbo la New York akatengeneza bomba la moshi lenye mvukuto, linaloshikwa kwa mkono mmoja. Hilo ndilo babu wa bomba tunalolitumia leo.

Shika hapo, maana ndiyo hoja yangu yote: vazi la nyuki ni mtoto wa mzinga unaofunguka mchana. Ukichukua mzinga huo ukaliacha vazi, umechukua nusu ya kitu.

Tanganyika, na malkia aliyetoka Tabora

Kwetu huku biashara kubwa ya zamani haikuwa asali, ilikuwa nta. Wakati wa Mjerumani na baadaye Mwingereza, nta ilisafirishwa kwenda nje kwa wingi, na nyingi ilitoka Unyamwezi, kwenye misitu ya miombo. Ilitoka kwenye mizinga ya magogo na magome, na kwa watu wasio na ovaroli. Mwaka 1949 serikali ya Tanganyika ikaanzisha kitengo cha ufugaji nyuki. Mtaalamu aliyejulikana sana wa enzi hizo, F. G. Smith, alitoa kitabu chake cha ufugaji nyuki wa nchi za joto mwaka 1960. Mwaka uliofuata akaeleza kitaalamu tofauti za nyuki wetu: wako wa nyika, wako wa pwani, na wako wa milima mirefu kama Kilimanjaro, ambao ni weusi zaidi na wapole zaidi.

Najua mtu wa Magamba akisoma hapo atasema, basi mimi niko milimani, nyuki wangu wapole. Usijidanganye. Nyuki wanapandana, na nyika ya Mombo na Mazinde iko chini yetu hapa. Nimefungua mzinga mpole Jumatatu, na Alhamisi yake, kukiwa na ukungu na manyunyu, mzinga uleule ukanikimbiza hadi barabarani.

Ukali wa nyuki wetu umetangazwa duniani na nchi ya mbali, Brazil. Mwaka 1956 mtaalamu wa huko, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika ili awachanganye na nyuki wa Kizungu waliokuwa wanatoa asali kidogo kwenye joto. Wengi walitoka Afrika Kusini, na Tabora yetu nayo ilitoa. Mwaka 1957 makundi 26 yakatoroka. Nyuki hao walisambaa sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini, wakapita Amerika ya Kati, na mwaka 1990 wakaingia Marekani. Magazeti yakawaita nyuki wauaji.

Wafugaji wa Brazil walikuwa wamezoea nyuki wapole. Waliweka mizinga nyuma ya nyumba, karibu na kuku na nguruwe, na wengine walifanya kazi bila glavu. Walipopambana na hawa wa kwetu, wengi waliacha kabisa ufugaji. Waliobaki walibadilisha kazi. Wakahamisha mizinga mbali na nyumba na mifugo, wakaacha kupanga mizinga mingi juu ya benchi moja na kuweka kila mzinga kwenye kiti chake, wakatengeneza mabomba makubwa ya moshi, wakavaa ovaroli nyeupe nzima zenye wavu. Leo Brazil inauza asali nje ya nchi kwa wingi, na nyuki ni hao hao.

Tazama walichokifanya. Umbali na moshi, vitu ambavyo babu yako alivijua, walivirudisha. Kisha wakaongeza vazi, kwa kuwa walitaka kufanya kazi mchana.

Mzinga uliposhuka Usambara

Katika miaka ya 1970 Kenya, kwa kusaidiana na wataalamu wa Kanada, ilitengeneza mzinga wa sanduku wenye vijiti vya juu ambavyo nyuki wanajenga masega yake. Mizinga ya aina hiyo ilienea na kwetu. Ilikuja Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998, ikaja Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002, na miradi na vikundi vikafuata. Mzinga ukashuka kutoka kwenye mti, ukakaa kwenye nguzo mbili usawa wa kiuno. Ni maendeleo mazuri, na mimi mwenyewe nayahubiri kila wiki.

Lakini Usambara si Tabora. Huku mashamba ni madogo, yamebebana mlimani, na ukiweka mzinga pembeni ya kabichi zako umeuweka juu ya paa la jirani. Tulipoushusha mzinga tuliacha urefu wa mti, tukaacha usiku, na kwa wengi wetu tukaacha pia umbali. Badala yake kikundi cha watu kumi au kumi na tano kikapewa ovaroli moja.

Nilikuwa na miaka michache kazini nilipokwenda kurina na kikundi kimoja cha namna hiyo. Ovaroli ilivaliwa na mwenyekiti. Mimi nilikuwa na yangu. Kijana aliyeshika bomba la moshi alivaa koti la mvua, na shingoni kafunga kitenge cha mama yake. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Nyuki wawili tu walimpata, mmoja shingoni na mmoja nyuma ya sikio. Wenzake walicheka: "Mgosi, wawili tu hao!" Naye alicheka.

Kabla ya dakika kumi kupita alikuwa anajikuna viganja na kwapani. Vipele vikubwa vikatokea kifuani. Midomo ikavimba, sauti ikabadilika kama ya mtu aliyekabwa, akasema anaona giza. Tulimpakia bodaboda katikati ya watu wawili, kosa ambalo nitalieleza hapo chini. Zahanati ya kwanza ilikuwa imefungwa. Ya pili tulimkuta muuguzi, akamchoma sindano ya adrenalini pajani, na baada ya muda mfupi kijana akaanza kuvuta pumzi vizuri. Alipoweza kuongea alitueleza kwamba mwaka wa nyuma aliumwa na nyuki mmoja akavimba mwili mzima, ila hakutaka kusema kwa kuwa angeondolewa kwenye kikundi.

Mimi ndiye niliyepaswa kumuuliza kabla hatujaondoka. Sikumuuliza.

Kwa nini wawili tu

Wazee walijua kwamba nyuki wengi wanaua. Kwamba nyuki mmoja anaweza kuua mtu mzima mwenye nguvu, hilo lilionekana kama uchawi au mkosi, na hata huko kwenye maabara maelezo yake si ya zamani sana. Mwaka 1902, mwaka uleule Wajerumani walipoanzisha taasisi yao ya utafiti kule Amani, Usambara ya Mashariki, Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walitangaza jambo la ajabu. Walikuwa wanawachoma mbwa sumu ya mnyama wa baharini, wakitegemea kwamba baada ya dozi ya kwanza mbwa watazoea. Kinyume chake, mbwa aliyepona kabisa akipewa dozi ndogo ya pili wiki kadhaa baadaye alikufa kwa muda mfupi. Mwili ulikuwa umeikumbuka sumu na kuipokea kwa hasira. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo. Tunachokiita mzio kimetoka kwenye utafiti wa miaka hiyo. Dawa yake kuu, adrenalini, ilitengwa ikiwa safi mnamo 1901 na Mjapani Jokichi Takamine, na mpaka leo haijapata mbadala.

Kwa hiyo kuna hatari mbili, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni wingi wa sumu, ambayo haina upendeleo. Wataalamu wanakadiria kwamba sumu inayoweza kumuua mtu asiye na mzio ni kama miiba 19 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 ni zaidi ya miiba 1,000. Mtoto wa kilo 15 hafiki 300. Hapa ovaroli inafanya kazi yake vizuri sana. Aliyeumwa mara hamsini au zaidi aende hospitali hata kama anajisikia mzima, maana sumu nyingi huharibu figo baadaye, kimya kimya.

Hatari ya pili ni mzio. Hapo ovaroli inapunguza tu nafasi ya kuumwa, haifuti hatari. Nyuki mmoja anayepenya kwenye zipu iliyoharibika anatosha. Msiniambie "nimezoea". Wafugaji waliochunguzwa Ulaya, wale wanaoumwa mara nyingi sana kila mwaka walikuwa na matatizo machache ya mzio kuliko wanaoumwa mara chache chache. Na wengi wetu kwenye vikundi tuko kundi la pili: tunakwenda kwa nyuki mara mbili kwa mwaka. Wenye hatari nyingine ni watu wa nyumbani kwako, hasa anayekufulia ovaroli. Miiba na sumu iliyokauka hubaki kwenye kitambaa. Ikung'ute nje, ifuliwe peke yake, na ufue kila baada ya kurina, kwa sababu ile harufu ya kuitana vitani nayo hubaki. Watafiti waliitambua mwaka 1962, na kitu hichohicho kimo kwenye harufu ya ndizi mbivu. Usiende kwenye mzinga ukitafuna ndizi.

Sasa fanya hivi

Ukiumwa, toa mwiba mara moja. Tulikuwa tunafundishwa kuukwangua kwa kisu, tusiubinye, na watu walikuwa wanapoteza muda kutafuta kisu. Utafiti wa 1996 ulionyesha kwamba namna ya kuutoa haina maana, haraka ndiyo yenye maana, kwa sababu mfuko wa sumu unaendelea kusukuma hata nyuki akishaondoka. Tumia kucha. Kisha pulizia moshi pale ulipoumwa na uondoke taratibu.

Mtu akianza vipele mwili mzima, midomo au ulimi kuvimba, kukoroma, kutapika au kizunguzungu, usisubiri uone. Mlaze chini, miguu juu. Kama pumzi inamshinda, akae akiegemea. Asisimame wala kutembea, kwa kuwa presha inashuka na kumsimamisha kunaweza kumuua. Ndiyo maana bodaboda ile ilikuwa kosa. Tafuta gari, hata Noah ya abiria, alale. Vidonge vya mzio mpe kama vipo, lakini havichukui nafasi ya adrenalini. Wanaotumia dawa za presha kama atenolol na propranolol wamwambie mganga, maana hizo huizuia adrenalini kufanya kazi vizuri.

Kabla ya msimu, nenda zahanati yako uulize mambo mawili: adrenalini ipo? Na jioni nani yuko zamu? Kuna tiba ya kumzoesha mtu sumu kidogo kidogo kwa sindano, iliyothibitishwa Marekani mwaka 1978, ila huku kwetu sijakutana na mtu aliyeipata.

Kuhusu vazi, ukiwa na hela ya kitu kimoja anza na kofia yenye wavu. Fundi cherehani yeyote anaweza kuishona: kofia pana ya ukili, wavu mweusi mbele, maana mweusi unaonea vizuri kuliko mweupe, na kamba ya kufunga chini ya kwapa. (Tafadhali usikate chandarua cha mtoto. Malaria bado ipo.) Ovaroli iwe nyeupe au rangi ya mchanga, pana, ikuache ukiinama. Miguu ya ovaroli ipite nje ya buti za mvua, ifungwe kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na mikononi vivyo hivyo juu ya glavu. Mkumbuke mzee wa Mlalo: nguo yenye tundu ni mbaya kuliko ngozi. Manzuki iwe mita 300 hivi kutoka kwenye nyumba, njia na mifugo. Eneo lako likikataa umbali huo, panda uzio mnene mrefu ili nyuki warukie juu ya vichwa vya watu, na urine jioni, si saa nne asubuhi.

Mwenye mzio hakatazwi asali, anakatazwa mzinga. Anaweza kuchuja, kuyeyusha nta, kuuza. Au afuge nyuki wadogo wasiouma, ambao tunao hapa na asali yao ni ya bei kuliko ya hawa wakubwa.

Yule kijana ndivyo alivyofanya. Ana mizinga ya nyuki wadogo chini ya upenu wa nyumba yake, na ndiye anayeuza asali ya kikundi kizima. Mwenyekiti anaandika kwenye daftari majina ya wote wanaokwenda kurina, na mbele ya kila jina ameandika kama aliwahi kuvimba. Ovaroli sasa ziko nne. Walizinunua kwa mauzo ya msimu uliofuata, kabla ya kuongeza hata mzinga mmoja.